Chambo Cheusi

Mimi ni mbishi na sijawahi kuomba radhi kwa hilo. Mwaka ule wa kura za mlolongo, watu walipopanga mstari nyuma ya mgombea wao, nilikuwa nafanya kazi mtaa wa Kapsoya, kwenye kibanda cha mabati ambamo wanawake wanane tulitengeneza vyambo vya kuvulia trauti, samaki wa mito ya baridi. Tulichukua ndoano ndogo, tukaizungushia uzi na unyoya wa kuku hadi ikafanana na mdudu. Wateja walikuwa wageni wa hoteli moja ya milimani, watu wanaovua samaki kwa starehe halafu wanamrudisha mtoni. Hilo nalo liliwashinda wenzangu kuelewa.

Mvua zilipoanza, hoteli iliagiza vyambo vingi. Bosi, mwalimu mstaafu aliyekuwa na cheo katika tawi la chama tawala, akaamua vyote viwe vyekundu na vya manjano kwa sababu vinapendeza sandukuni. Nikamwambia maji yakichafuka trauti haoni urembo. Anachoona ni kitu cheusi kinachopita juu yake. Sikuyasoma popote. Mume wangu alikuwa mlinzi wa mto huko juu, na trauti wachache waliofia ndoanoni, wageni wakampa, niliwapasua mwenyewe. Wakati wa mvua matumbo yao yalijaa wadudu weusi. Bosi hakuwahi kupasua hata mmoja. Wageni wakikosa samaki, nilimwambia, hoteli haitaagiza tena, na sisi sote tutakaa nyumbani.

Wenzangu walikuwa wameniunga mkono tangu asubuhi, wakinong'ona mezani. Bosi akasikia. Akatutoa nje, akasema tutaamua kama nchi inavyoamua: anayetaka rangi zake asimame nyuma yake, anayetaka nyeusi asimame nyuma yangu.

Wote saba walikwenda kwake. Hata rafiki yangu, tuliyekaa naye meza moja na kunywa chai kikombe kimoja, alikwenda akiangalia viatu vyake. Nilikasirika hadi masikio yakapata moto.

"Mama, nyuma yako hakuna mtu," bosi akasema.

"Naona, Mzee. Lakini samaki hajapiga kura."

Akanipa nafasi ya kujiunga na mstari wake kwa amani. Nikabaki pale pale, jua likinichoma, peke yangu kama mlingoti. Hakuna aliyecheka. Akaniambia nichukue mkoba wangu niende. Nikaenda, na sikuharakisha.

Baada ya mwezi vyambo vilirudishwa. Hoteli ilisema wageni walishinda mtoni kutwa na hakuna samaki aliyegusa ndoano. Walitaka vyeusi, tena upesi, la sivyo wangenunua kwingine. Bosi hakuja mwenyewe. Alimtuma yule rafiki yangu, akanikuta uani nikipukuchua mahindi. Akaniambia naitwa kazini, na mshahara utaongezwa kidogo.

Nilisimama, nikapangusa mikono. Nikamwambia ampelekee Mzee neno moja: nitarudi siku atakayosimama nyuma yangu, mbele ya wale wote.

Rafiki yangu alijua, kama nilivyojua mimi, kwamba Mzee hatafanya hivyo. Kisha akaweka mkoba wake chini, akanizunguka, akasimama nyuma yangu, karibu hadi nikasikia anavyohema.

"Umechelewa," nikamwambia. Lakini sikumwambia aondoke.