Fomu ya Bibi wa Chanji

Nilikuwa msimamizi wa wanafunzi wa ustawi wa jamii waliokuja Sumbawanga kwa mafunzo ya vitendo. Mmoja wao, binti wa Dar es Salaam, nilimpangia bibi mmoja wa mtaa wa Chanji anayeishi peke yake. Nilimwonya kwa ukali: kwa mhitaji haliliwi hata tonge moja.

Wiki ya pili nikaenda kukagua. Nikamkuta binti kajikunyata jikoni kwenye moto, kavaa sweta la bibi, anamega ugali wa ulezi kama aliyezaliwa Ufipa. Damu ikanichemka.

“Shikamoo, bibi,” nikasema, nikimkodolea macho mwanafunzi wangu.

“Marahaba. Wewe mwalimu huna huruma! Mtoto wa watu unamleta kwenye baridi hii na kiblauzi?”

Nikamwomba binti fomu aliyomjazia bibi, nikague kazi. Swali la mwisho liliuliza: nani anamtegemea bibi huyu? Binti alikuwa ameandika, “Mimi.”

Nikatoa kalamu nyekundu nimkosoe. Bibi akaniletea maji ya kunawa.

Sahani ilipobaki tupu, niliongeza chini ya jibu lake: “Na msimamizi wangu.”