Mgonjwa wa Ndani ya Miwani

Matroni wetu alimwamkia mgonjwa ambaye hayupo, kisha akasubiri aitikiwe.

Tulikuwa Mikumi, kwenye ukumbi mdogo wa mikutano, wauguzi na madaktari tuliotoka Kilosa asubuhi ile. Hospitali yetu ilikuwa imepata chumba cha wagonjwa mahututi. Mashine zilishafika, na wengi wetu tulikuwa tukizipita kwa tahadhari, kama unavyompita mbwa wa jirani. Basi tukaletewa mwalimu kutoka Dar, kijana mpole mwenye sanduku la miwani ya VR. Ukiivaa, alisema, unajikuta kwenye chumba cha mahututi, mgonjwa mbele yako, na hata ukikosea hafi mtu.

Nikaanza mimi. Kweli nikajikuta chumbani, mzee amelala na mpira wa kupumulia mdomoni. Kengele ya mashine ikalia. Nikanyoosha mkono, nikaukamata ule mpira sawasawa, nikavuta. Ukumbi mzima ukapiga kelele. Nilipovua miwani nilikuta nimeshika tai ya daktari wetu, naye macho yamemtoka.

"Sista," akasema kwa shida, "mimi bado napumua mwenyewe."

Ikafika zamu ya matroni. Mama huyu ni mtu wa milimani, amelelewa shule za misheni, na sijawahi kumwona akimgusa mgonjwa kabla ya kumsalimia. Alichokiona yeye ndani ya miwani, sisi tulikiona kwenye skrini ukutani. Akamwinamia yule mzee.

"Shikamoo, baba."

Akasogeza mdomo karibu na sikio lake.

"Shikamoo, baba. Mimi ni muuguzi wako."

Kengele ikalia. Namba za oksijeni zikaanza kushuka.

"Mama, hasikii," mwalimu akasema. "Makohozi yameziba mpira. Yanyonye haraka!"

"Umejuaje kama hasikii? Si amelala tu?"

Wakiwa kwenye ubishi huo, mzee akafa. Tulikuwa tunacheka, lakini matroni alipovua miwani tukanyamaza, maana alikuwa na machozi.

"Nimemuua."

"Mama, hajafa mtu."

"Kwako hajafa. Mrudishe."

Mwalimu akachuchumaa mbele yake. "Mama, kuongea naye usiache. Ila mdomo ukiongea, mikono iwe kazini."

Akamrudisha mzee. Akafa tena. Wakati wa chakula sisi tulienda kula wali na maharage barazani, yeye akabaki na mwalimu. Tulimsikia dirishani: "Vumilia baba, nakunyonya makohozi sasa, usinikasirikie." Hatujamaliza kula, kikapigwa kigelegele. Tukakimbilia ndani. Mzee alikuwa mzima, na matroni hataki kuvua miwani.

"Ngojeni kwanza nimfunike shuka."

Tuliporudi Kilosa, haikupita muda mrefu tukampokea mama mmoja mkulima wa Malolo, nimonia imembana mpaka ikabidi mashine impumulie. Mchana mmoja, nikiwa kando ya kitanda chake, kengele ikalia. Ilikuwa ileile ya Mikumi. Nikashangaa mkono wangu unapanda usoni, unatafuta miwani ya kuvua.

Matroni alikuwa ameshafika. "Mama, makohozi yamekuziba, nayatoa," alisema, na mikono yake ilikuwa imetangulia maneno. Kisha, bila kugeuka: "Na wewe usisimame hapo kama mgeni, nipe mpira wa kunyonyea!"

Nikampa. Akauingiza, akanyonya. Namba zikasita, zikapanda taratibu, nami ndipo nikakumbuka kushusha pumzi.

Siku alipotolewa mpira, daktari alimuuliza yule mama anajisikiaje. Akajibu kwa sauti iliyokwaruza:

"Nataka uji. Na huyu mama naye apumzike kidogo kuongea."

Mumewe alipokuja kumchukua alituletea jogoo mwekundu. Kamba ikafunguka mlangoni, jogoo akajitupa wodini, akapita chini ya vitanda, akaruka juu ya toroli la dawa. Daktari akapanda kiti. Matroni akamfukuza na shuka mkononi, kofia imekaa upande. Yule mama wa Malolo, amekaa kitandani na mzigo wake tayari, akacheka mpaka akakohoa.

Hapohapo matroni akamwacha jogoo, akaja kumwekea kipimo cha kusikilizia mgongoni. Akasikiliza upande huu, akasikiliza upande ule.

"Safi kabisa," akasema. "Hebu cheka tena."