Siku Niliyong'oa Jiliwa

Aibu hii ningewasimulia marafiki kwa mdomo, tukicheka, lakini kwa kuwa shuleni hapa Busia sina hata mmoja (nasema ukweli tu, sijihurumii, au labda najihurumia kidogo), naiandika humu nikijifanya kwamba mko hapa, mmeketi kitandani kwangu mnanisikiliza.

Kwenye useremala tunafanya kazi wawili wawili, mmoja anashika na mwingine anapiga randa, na tangu nitoke kwetu Malaba mwenzangu ni ukuta, maana darasa limejaa Wasamia wanaojuana tangu shule ya msingi huko Funyula, wanaongea Kisamia, na mimi Mteso nacheka wakicheka ili nisionekane sijaelewa. Basi jana likaja jiliwa jipya, kile chuma cha kubana mbao, mwalimu akalifunga kwenye benchi langu kwa sababu ndilo lenye nafasi (bila shaka), akasema, "Wandera, nenda usimame na Emase." Wandera! Yule anayechekesha bweni zima! Akaja akaniuliza, "Boss, unajua hii kitu?"

Hapo ndipo ningepaswa kusema sijui. Nikasema, "Najua sana." Niliogopa akiniona mjinga atarudi kwa wenzake.

Sasa, jiliwa la zamani unazungusha mpini mpaka bega linauma. Hili jipya lina kidole cha chuma karibu na mpini: ukikibana, nati iliyo ndani inaachana na skrubu, taya la mbele linateleza kama droo, unalisukuma mpaka liguse mbao, unaachia kidole, nati inauma skrubu tena, kisha unazungusha mpini kidogo tu na mbao imeshikwa. Hayo nayajua leo. Jana nilikibana kile kidole nisikiachie, huku nazungusha mpini, nazungusha, jasho linanitoka, na mpini unakwenda bure kama gurudumu la baiskeli iliyopinduliwa.

Wandera akaona. Akainama, akaniambia polepole ili wengine wasisikie (hilo ndilo linaloniuma zaidi), "Lekha! Lekha!"

Kwa Kisamia hiyo ni "acha". Achia kidole. Mimi nikasikia "leta". Nikaleta! Nilivuta kwa nguvu zote na kidole bado nimekibana, na ile pini ya kuzuia taya lisitoke mwalimu alikuwa hajaiweka, basi likachomoka lote pamoja na skrubu yake ndefu, nikaanguka kinyumenyume nimelipakata kama mtoto, na mguu wangu ukapiga mkebe wa mafuta, mkebe ukaruka ukamwagikia suruali ya mwalimu, bugaluu yake nyeupe.

"Daktari wa meno!" mtu akapiga kelele. "Ameng'oa na mizizi!"

Mwalimu akatazama suruali yake, akanitazama mimi. "Emase, nani alikuambia uvute?"

Ningenyamaza. Kunyamaza ndiko ninakokujua kuliko kitu chochote. Lakini siku hiyo mdomo ukafunguka, "Ni Wandera, mwalimu. Alisema nilete."

"Mimi? Nilisema lekha!"

Darasa likafa kwa kicheko, lakini Wandera hakucheka. Mwalimu alisema hataki kusikia lugha za nyumbani karakanani, akamwamuru aifue ile bugaluu jioni. Mimi nikaachwa nilirudishe taya peke yangu, na ndipo nilipochungulia ndani nikaona nati inavyoachia na kuuma, jambo rahisi kabisa, nikabana na kuachia, nikabana na kuachia, hakuna wa kumwonyesha.

Sasa jina langu ni Leta. Hata wadogo wa kidato cha kwanza wananiita hivyo.

Leo wakati wa chakula Wandera alinitazama kutoka meza yao, mikono bado inanuka sabuni nadhani, akasema kitu kwa Kisamia, wote wakacheka. Nikacheka pia, kama kawaida yangu. Baadaye ndipo nikakumbuka kwamba kwenye benchi lao palikuwa na nafasi kando yake, na mpaka sasa sijui kama alikuwa ananitukana au ananiita. Sitasema tena najua kitu nisichokijua, naapa, na kesho nitamwendea nimwulize, "Ulisema nini?" Nimefanya mazoezi ya kulisema swali hilo. Linatoka vizuri, nikiwa peke yangu.