Nilivyowafuata Panki wa Musoma

Niliondoka Dar es Salaam kwa tamaa, afadhali niseme mapema. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, video zimeruhusiwa, na kila mwenye duka Kariakoo anatafuta kanda ya kuuza. Tajiri wangu alikuwa amesikia kwamba miaka ile ya dhiki, tulipopanga foleni ya sabuni, Musoma walizuka vijana waliokata panki na kupiga muziki wa makelele waliounasa kwenye redio za nje. Akanipa kamera na nauli. Mimi nilisoma Musoma, na muziki wa vijana hao niliucheza, kwa hiyo nilijiona nimepewa changu. Treni ilinifikisha Mwanza nimechoka hoi, nikapanda basi.

Bunda, saa nane mchana. Nilimkuta Shabani, aliyekuwa mpiga ngoma wao, sasa fundi bati, anagonga ndoo mbele ya banda lake. Alinikumbuka, akaniagizia chai, akanisikiliza vizuri mpaka nilipomtaja Wambura, mwimbaji wao. Hapo aliweka nyundo chini.

"Wambura alishakufa," alisema. "Tulikamatwa mimi na yeye kwenye ule msako wa wasio na kazi, tukapelekwa shamba la mkonge. Homa ikamchukua. Nilimzika kwa mikono yangu hii."

"Mama yake anajua?"

"Anasubiri tu. Kila mwaka nasemaga nitakwenda, nashindwa. Na matanga hayawekwi kwa uvumi, lazima aseme aliyeona, au aliyetumwa na aliyeona. Sasa nakutuma wewe. Mwambie hakuzikwa hivihivi, nilimfunika shuka langu."

Nilikubali haraka mno. Nilikuwa nawaza filamu imepata mwisho mzuri, na naona aibu kuandika hivyo.

Musoma, kesho yake asubuhi. Upepo wa ziwa ulikuwa baridi na mji umenyong'onyea. Ukumbi waliopigia ulikuwa ghala la dagaa. Mtaa wa Nyasho nilimpata Masatu, mpiga gitaa, anauza mitumba.

"Nyuzi tulikuwaga tunachambua waya za breki za baiskeli," aliniambia mbele ya kamera. "Zinakata vidole, damu inatoka, tunapiga tu. Wimbo wa kwanza ulikuwa neno moja, sabuni. Wambura analipigia kelele mpaka sauti inakauka, na ukumbi wote unaitikia. Watu walikuwa wanalia, wengine wanacheka. Wiki ya pili hapakuwa na pa kusimama. Ndipo mgambo wakaanza kutunyoa kwa chupa."

Nilipozima kamera nilimweleza nilichotumwa. Alikunja suruali aliyokuwa ameishika, akaikunjua, akaikunja tena.

"Ukifika kwa mama, sema hilo kwanza," alisema. "Kamera ibaki kwenye begi."

Nikamwambia hilo halihitaji kufundishwa.

Butiama, siku ya tatu. Pikapu ilinishusha, nikatembea njia ya Mwitongo nikiuliza, nikamkuta Mama Wambura anaanika mtama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umetoka wapi na mzigo mkubwa hivyo?"

Nikasema natoka Dar es Salaam, kwamba watu bado wanauzungumzia muziki wa Wambura. Uso wake ulifunguka. Alinitolea kigoda, akajifunga kanga upya. Jua lilikuwa zuri, lakini wingu lilikuwa linapanda. Nikajiambia dakika kumi tu, halafu nitasema. Nikatoa kamera.

"Alikuwaga mbishi huyo," alianza. "Siku moja natoka shamba nakuta sufuria yangu ya ugali ametoboa, ameifunga nyuzi. Nikamkimbiza mpaka kisimani na mwiko. Mimi nakimbiza, yeye anaimba, eti mama ana hasira kushinda mgambo." Akacheka mpaka akajishika mbavu. "Akirudi atanunua sufuria nyingine, si anasikia huko?"

Nilizima kamera. Ndipo nikasema nimetumwa na Shabani wa Bunda, nikamweleza yote, na shuka pia. Alisikiliza mpaka mwisho bila kulia.

"Uliponisalimia, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua, mama."

"Umenichekesha na mtoto wangu yuko kaburini," alisema polepole. "Ungeanza na hilo, ningelia tu. Nisingekuwa na neno na wewe."

Aliingia ndani, na kilio chake kikaleta majirani. Hakuna aliyenifukuza. Hakuna pia aliyenikaribisha kukaa, nikafunga begi nikaondoka.

Njiani kurudi, basi lilisimama Bunda nusu saa. Banda la Shabani lilikuwa mtaa wa pili. Sikushuka.

Dar es Salaam, tajiri aliitazama kanda akasema kile kicheko ndicho kitakachouza. Nilimwomba akikate, lakini niliomba kama mtu anayeogopa kibarua chake kuota nyasi, na hakukikata. Nilichojifunza ni kidogo: aliyetumwa msiba hana kazi nyingine mpaka ameufikisha. Nilikuwa nakijua hata kabla sijaondoka, ila nilidhani dakika kumi si kitu.

Filamu ilipendwa. Inapofika kwa Mama Wambura banda zima la video hucheka naye, na mimi hutoka nje.