Landrova ya Baba na Kile Kigari Changu

Uani kwetu Maisaka yalikaa magari mawili yasiyofanana hata kwa bahati mbaya. Landrova aliyoiacha marehemu baba ilikuwa ndefu, ngumu, na mlango wa abiria ulifungwa kwa kamba ya katani. Pembeni yake kilikaa kigari changu cheupe, kizee pia, lakini laini: kiti kinalala, vioo vinapanda, mafuta kinayanusa tu. Kwa hesabu yoyote, na mimi hesabu huirudia, kigari kilishinda.

Ndiyo maana mama alipotaka kupelekwa Bonga kwa dada yake, sikuona cha kujadili. Hospitali walikuwa wameturudisha nyumbani, wakasema tumpe anachopenda kula. Hakupenda kula. Alitaka kumwona mama mkubwa, ambaye naye miguu ilishamgomea, hatoki tena kwake.

Nikalaza kiti cha kigari. Mama akakitazama, akatikisa kichwa.

"Tutakwenda na ya baba yako."

Nikaanza kumbembeleza kama ninavyombembeleza muuza mitumba. Nikataja springi, nikataja matuta ya barabarani, nikataja mgongo wake. Nikamwongezea mto. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Kupatana nilijifunza kwake, sokoni, akiuza maharage.

"Baba, humo nitalala," akasema. "Nikipita nimelala, watu watadhani nimeshakufa. Nataka kukaa, wanisalimie."

Nikambeba hadi kwenye kiti cha Landrova. Uzito wake niliukadiria mara moja tu, sikutaka kurudia.

Tulikwenda polepole mpaka bodaboda wakatupigia honi. Kila tuta alifumba macho na kushika dashibodi kwa mikono miwili. Kisha anafumbua, kwa sababu kando ya barabara kuna mtu: shikamoo mama. Marahaba. Hakumruka hata mmoja, na sauti yake ilizidi kupungua. Kwenye kigari changu angeona magoti ya watu, nao wangeona paa.

Bonga tulishindwa kumshusha. Nilipomgusa tu aliuma mdomo. Basi wajukuu wakamtoa mama mkubwa nje na kiti chake, tukamnyanyua, tukampandisha kwa mlango wa dereva. Akakaa pale alipokuwa akikaa baba. Wote wawili wakatazama mbele kama wasafiri.

"Tunakwenda wapi?" akauliza mama mkubwa.

"Tumeshafika," mama akamjibu.

Wakacheka kidogo, wameshikana mikono juu ya gia. Mimi nilisimama nje nikijifanya kukagua tairi.

Mama tulimzika kabla mahindi hayajakauka. Baadaye dalali wa magari akaja kuitazama Landrova. Akalalamikia kutu, akalalamikia moshi, akalalamikia ile kamba ya mlango. Nilikubali yote, nikamwonyesha na kasoro alizokuwa hajaziona. Akaridhika kwamba amenishusha vya kutosha, akauliza bei ya mwisho.

Badala ya bei, nikampa ufunguo wa kigari cheupe, ajaribu hicho.