Mtani Alipomteka Sungura wa Baba

Asubuhi zote za kiangazi kile zilianza na jicho la sungura. Baba alitoka chumbani na bakuli la maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, akakaa kwenye mkeka barazani, akampakata sungura wake na kuanza kumfuta. Jicho la kulia lilikuwa limetiririka machozi usiku kucha, na manyoya ya shavuni yamegandamana kama uzi uliotumbukia kwenye uji. Baba hakuwa na haraka. Alilowesha kitambaa, akakiweka juu ya jicho, akangoja tongotongo zilainike, ndipo akafuta polepole kuelekea puani. Mimi nilikuwa pembeni na cherehani yangu, sare za shule za watoto wa watu zimerundikana mbele yangu, na kusema kweli nilikuwa naona wivu. Yule sungura alikuwa anaongeleshwa. Mimi nilikuwa naitikiwa kwa kichwa.

Sungura mwenyewe aliletwa na mama. Alimpata kwa mkulima mmoja wa Kipalapala, akarudi naye kwenye kikapu cha mboga na kututangazia kwamba ameanza mradi: dume ndiye huyu, jike anakuja mwezi ujao, na nyama tutakula mpaka tukinai. Mwezi ujao ulipofika mama akaugua. Aliondoka nyumbani kwa miguu yake, akaingia kwenye gari la jirani pale getini kupelekwa hospitali, akatoa kichwa dirishani kumkumbusha baba asisahau kumpa sungura matembele. Alirudishwa akiwa amefunikwa.

Tangu alipotoka kumzika, baba hakuvuka geti tena. Sala aliswalia barazani. Wazee wenzake wa msikitini walikuja kumchukua mpaka wakachoka. Baba yangu alikuwa mtu wa kutembea, mtu wa kwenda sokoni kuuliza bei ya vitu asivyonunua. Sasa akawa mtu wa mkekani, na mazungumzo yake yote akayahamishia kwa mnyama.

Aliyediriki kumchokoza alikuwa mmoja tu, naye ni mtani wake. Huyu ni mama wa Kizaramo aliyeletwa Tabora na mumewe, mfanyakazi wa reli, wakiwa vijana. Mume alishafariki, yeye akabaki hapa hapa akipika vitumbua nyuma ya soko. Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu babu zetu walipokuwa wakibeba mizigo kwenda Pwani na kupita kwao wakiwa hoi kwa njaa. Kwa mtani hakuna kununa. Atakutukana mbele za watu, atachukua kitu chako mchana kweupe na kuondoka nacho, nawe ukikitaka utaenda kukikomboa kwa masharti yake. Ukikasirika, unajiaibisha mwenyewe.

Msibani ndiyo usiseme. Siku ya kumzika mama, sisi wanawake tumelia mpaka sauti zimekauka, mtani alitokea chumbani amejifunga kanga ya mama, ameshika kiuno kama mama, akaanza kumfokea baba kwa sauti ile ile ya mama: "Wewe mzee, viatu vya matope ndani ya nyumba yangu!" Watu waliangua kicheko huku machozi yanawatoka. Baba naye alicheka, na baada ya hapo sikumsikia akicheka tena. Ile kanga mtani aliondoka nayo. Ilikuwa haki yake.

Basi kila alipopita na beseni lake la vitumbua alisimama getini kwetu. "Mpagazi! Hicho kitoweo bado hakijanona? Mie nazi ninayo!" Zamani baba angemjibu mpaka mtaa mzima utoke nje. Sasa alimfunika sungura kwa upindo wa kanzu, basi.

Kuhusu lile jicho, kila mtu alikuwa daktari. Mmoja alituletea asali ya Sikonge, ile nyeusi ya porini, akaapa kwamba tone moja tu linamaliza kazi. Asali tulikula na chapati. Mwingine alisema dawa ni maziwa ya mama anayenyonyesha, nikamwuliza kama anajitolea. Baba hakumsikiliza yeyote. Aliendelea na maji yake ya chumvi na kitambaa chake, na jicho likaendelea kulia.

Halafu sungura akaanza kususa chakula. Alikuwa anachukua jani la tembele, analitafuna kidogo, linamdondoka. Kidevu nacho kikawa kinalowa mate. Ukimshika mgongoni unahesabu mifupa. Nikamwambia baba tumpeleke kwa bwana mifugo.

"Hatoki hapa," alisema baba.

"Basi bwana mifugo aje. Atamwangalia tu, baba."

"Mama yako naye walisema wanamwangalia tu."

Akainuka na sungura wake, akaingia chumbani, nikasikia komeo. Nilikasirika, mimi ni mwepesi wa hasira, nikaondoka na mkoba wangu kwenda sokoni hata bila cha kununua. Lakini hasira ilikuwa juu juu. Chini yake kulikuwa na hofu, na hofu yenyewe haikuwa ya sungura kufa. Niliogopa kwamba sungura akifa, baba naye atamfuata. Maana siku zile baba naye alikuwa anamega tonge, analizungusha vidoleni, kisha analirudisha sahanini.

Hilo nilimwambia mtani peke yake, nimekaa kwenye kigoda chake nyuma ya soko huku moshi unaniingia machoni. Hakunitania. Alinifungia vitumbua kwenye gazeti, akaniuliza tu kama baba bado anarefusha sala.

Kesho yake adhuhuri, baba alimrudisha sungura kwenye banda lake la mbao, akatandika mswala, akaanza kuswali. Mtani akasukuma geti bila hodi. Alikuja kwa kunyata, na mwili wake wote ule, akafungua banda, akamtoa sungura, akamweka ndani ya beseni la vitumbua na kumfunika kanga. Baba alikuwa kwenye sijda. Ningeweza kukohoa. Ningeweza kudondosha mkasi. Badala yake nilikanyaga cherehani kwa nguvu zangu zote ili mlio wa geti usisikike.

Baba alitoa salamu kulia, akatoa kushoto, akageukia bandani.

"Mama, sungura yuko wapi?" Baba huniita mama tangu nikiwa mdogo.

"Mtani kamteka."

Niliona hasira inampanda mpaka kwenye paji la uso, halafu ikakosa pa kwenda. Angekuwa mtu mwingine angeitiwa mjumbe wa mtaa. Kabla hajasema neno simu yangu ikaita. Nikaiweka sauti ya nje.

"Mpe simu mpagazi," alisema mtani. "Mpagazi, mtu wako ninaye. Ukimtaka njoo mwenyewe. Sitaki binti, sitaki mjumbe. Mafuta yangu yakichemka hujafika, anaingia chunguni."

Baba akaiinamia simu kana kwamba mtani yumo ndani. "Mwizi mkubwa wewe! Babu zangu mliwauzia hata maji ya kunywa!"

"Na wewe nitakuuzia sungura wako. Njoo." Akakata.

Yalikuwa maneno mengi kuliko niliyoyasikia kwa baba tangu arobaini ya mama. Nilitamani mtani apige tena.

"Nenda kamchukue," baba aliniambia.

"Hajanitaka mimi."

Akakaa. Nikajitia nashona, na baadaye niligundua kwamba mfuko mzima wa shati nimeushona kichwa chini. Kule bandani kulikuwa kimya. Baba alikuwa amekishika kile kitambaa cha kufutia jicho, anakikunja na kukikunjua.

"Viatu vyangu viko wapi?"

Vilikuwa pale pale mlangoni, mahali alipovivulia alipotoka makaburini. Buibui alikuwa ameshajenga ndani ya kimoja. Nilivipangusa kwa kipande cha kitambaa cha sare, nikampigia magoti na kumvalisha.

Getini alisimama. Alishika chuma kwa mkono mmoja, akawa anapatazama mahali lilipokuwa limesimama lile gari. Sikumhimiza, ingawa mimi ni mtu wa kuhimiza watu. Midomo yake ilikuwa inacheza, nadhani alikuwa anasoma dua.

"Akimtia nazi yule, simsamehi," alisema. Akavuka.

Tulishika ile barabara ya zamani ya misafara, ambayo tangu utotoni baba amenisimulia kwamba miembe yake iliota kwenye kokwa walizotupa wapagazi. Safari hii hakunisimulia, alikuwa anatunza pumzi. Lakini watu walikuwa wanamwona. "Shikamoo mzee! Umepotea!" Naye: "Marahaba, nipo, nipo." Tulipofika sokoni alisimama kwenye meza ya dagaa wa Kigoma, akauliza bei, akatikisa kichwa na kupita bila kununua. Nikajifanya nafunga kamba ya kiatu, na kiatu changu hakina kamba. Nililia kidogo hapo chini, kisha nikamfuata.

Uani kwa mtani mafuta yalikuwa yamechemka kweli, ila ya vitumbua. Kwenye kigoda alikaa bwana mifugo wa kata, ambaye ni dada mmoja kijana, lakini wote tunamwita hivyo hivyo, bwana mifugo. Sungura alikuwa mapajani mwake, amefungwa kanga, kichwa tu nje. Kanga niliitambua. Baba naye aliitambua, maana alisimama ghafla.

"Shikamoo mzee," alisema yule dada. "Tatizo halikuanzia jichoni. Ni meno." Akampanua mdomo sungura kwa kidole atuonyeshe. Meno ya mbele ya juu yalikuwa yameota sana na kujikunja kwa ndani, mizizi yake ikawa inabana njia ya machozi. Alikuwa ameshayakata kwa kikoleo. Sungura alikuwa anatafuna tembele, na jani halikudondoka.

Baba alichuchumaa mbele yake. "Muda wote huu nafuta jicho."

"Ndiyo maana halijaharibika, mzee. Umelitunza vizuri sana. Lakini huenda likaendelea kutoa machozi, nisikudanganye. Na meno ya sungura hayaachi kuota. Itabidi uwe unamleta kila mwezi niyakate."

Baba akamgeukia mtani. Mtani alikuwa amejishughulisha kweli kweli na kugeuza vitumbua.

"Nitamleta," alisema baba.

"Kwanza umkomboe," mtani alidakia. Akamwekea baba sahani ya vitumbua mbele yake. "Hivyo. Na ukibakiza, humpati."

Baba alikula kimoja akasema hakina sukari. Akala cha pili ili ahakikishe. Cha tatu hakutoa sababu. Mimi na mtani tulitazamana, na yeye ndiye aliyeanza kufuta macho kwa upindo wa nguo, akisingizia moshi.

Tulipoondoka baba alitaka kumfungua sungura arudishe kanga. "Mwache nayo, nakuazima tu," alisema mtani. "Nitakuja kuiteka."

"Jaribu," alisema baba, na alicheka. Kicheko kifupi, kikavu, cha mtu aliyekaa muda mrefu bila kucheka. Nilikipokea kama kilivyo.

Tulirudi polepole, baba amembeba sungura kifuani ndani ya kanga ya mama, na kila hatua chache anamfuta jicho kwa ncha yake. Nyumbani nilitangulia kufungua geti, nikasimama pembeni apite. Hakuingia. Alikuwa anatazama mbele, kule barabara inakoshuka kuelekea makaburini, ambako hajafika tangu siku ile.

"Jua bado lipo," alisema. "Twende tukamsalimie mama yako. Amwone sungura wake anavyokula."

Nikafunga geti kwa nje, nikachuma matembele ya mama yaliyotambaa hadi ukingoni mwa barabara, nikamfuata.