Walioambiwa Wasije Siku ya Wakaguzi

Nakumbuka Jumamosi moja ya barafu, mwanangu, mdogo wangu Idi alipokaa sebuleni mwangu hapa Lanham, katika jimbo la Maryland, akanywa chai yangu, kisha akaniomba jambo ambalo sikutegemea kuombwa na mtoto niliyembeba mgongoni.

Idi ndiye kitinda mimba wetu. Mimi ndiye kifungua mimba. Baba na mama walitutoka katika mwaka mmoja, nami nikawa mzazi kabla sijamaliza kuwa mtoto. Shule niliiachia njiani. Yeye alisoma, akasoma, mpaka tukawa tunamtania kwamba vitabu vitamkimbia, na sasa ni mwalimu wa chuo kikuu huko Uingereza. Sikumlea ili anilipe. Nilimlea ili afike nisikofika.

Ngoja nikueleze kilichomleta, maana hata mimi ilinichukua muda kukielewa. Huko anakofundisha, kila baada ya miaka kadhaa taifa hupima utafiti wa vyuo vyake vyote. Chuo huchagua kazi zake bora na kuzipeleka kwa wakaguzi, nao hutoa alama. Mwenye alama nzuri hupata fedha na sifa. Mwenye alama mbaya huona milango ikifungwa. Na siku hizi haitoshi kuandika makala ya kusomwa na wasomi wenzako. Lazima uonyeshe kwamba utafiti wako umemfaa mtu wa nje, mtu kama mimi; maelezo hayo wao huyaita kisa. Basi vyuo huanza kujipamba mapema kama bi harusi. Huamua nani atajwe na nani asitajwe. Huita watu wa kujifanya wakaguzi, ili wajipime kabla ya kupimwa.

"Idara yetu ndogo, dada," Idi aliniambia. "Kisa changu ndicho tunachokitegemea. Kikianguka, idara inafungwa na tunakosa kazi. Mimi na wenzangu wote."

Kisa chenyewe kilituhusu sisi. Miaka michache nyuma alikaa kiangazi kizima na sisi wanawake wa pwani ya nyumbani tuliohamia hapa, tunaofanya kazi ya kutunza wazee majumbani mwao. Tunawaogesha, tunawalisha, tunawainua kitandani. Aliandika jinsi migongo yetu inavyoharibika, akashauri mgonjwa mzito ainuliwe na watu wawili, kwa mkanda maalumu. Kampuni yetu ilimshukuru, ikagawa mikanda, ikabandika maagizo mapya ukutani. Chuo nacho kikaandika kwamba kazi ya Idi imeokoa migongo ya wanawake wa Maryland. Wale wakaguzi wa majaribio walikipenda sana kisa hicho. Walitaka kitu kimoja tu kiongezwe: sauti zetu wenyewe.

"Waite kesho wale waliokuwepo, niwarekodi," alisema. Akatazama dirishani. "Ila Bi Mwanaisha, mwache apumzike. Baridi hii itamsumbua."

Mwanangu, baridi haikuwa na kosa lolote. Maagizo yalibandikwa, lakini kampuni iliendelea kutuma mtu mmoja kila nyumba, kwa kuwa watu wawili ni mishahara miwili. Mwanaisha, shoga yangu tangu nifike nchi hii, alikuwa peke yake katika nyumba moja mjini Rockville pale mzee mzito alipoteleza bafuni. Alimdaka. Mzee hakuanguka. Ulioharibika ni mgongo wa Mwanaisha, na mpaka leo hatembei bila kigari cha kushikilia. Idi alijua. Mimi ndiye niliyempigia simu kumweleza, na nilimsikia akilia.

Sikumgombeza. Nilimwambia jambo ambalo miaka yote sikuwahi kumwambia.

Nilimwambia hivi: shuleni kwetu ilitangazwa kwamba wakaguzi watakuja. Kuta zikapakwa chokaa, maua yakapandwa, nyimbo zikafunzwa. Sare yangu ilikuwa imechanika begani kwa kukubeba wewe, Idi, na mama hayupo wa kuishona. Mwalimu mkuu akanisimamisha mlangoni, kwa upole kabisa. Akasema, "Wewe kesho usije. Pumzika nyumbani mpaka wageni waondoke." Nikarudi nyumbani nikifurahi, nikidhani nimeonewa huruma. Bibi yetu alikuwa akifagia. Aliposikia, akaacha ufagio. "Hujaonewa huruma, mjukuu wangu," akasema. "Nyumba ikifagiliwa kwa ajili ya mgeni tu, taka huishia chini ya mkeka. Leo wamekufagia wewe. Na wewe ukikua, usije ukamfanya mtu taka." Kesho yake asubuhi nikaanza kukaanga mihogo ya kuuza, siku ile tu, nikijiambia kesho nitarudi darasani. Wageni waliondoka kabla ya adhuhuri, Idi. Mimi bado sijarudi.

Watu husema damu ni nzito kuliko maji, na mimi naamini. Ningempa figo yangu Jumamosi ile kama angeiomba. Lakini hakuomba figo. Aliniomba mlango wangu, nimfungie Mwanaisha.

"Andika utakavyo," nilimwambia, "lakini mimi sitasema neno kwenye simu yako kama Mwanaisha hayupo."

"Unajua unanifanya nini, dada?"

"Najua."

Jumapili wenzetu walikuja, na Mwanaisha naye akaja, amevaa buibui lake la kutokea, anasukuma kigari chake kama anasukuma gari la mtoto. Alipomwona Idi akacheka.

"Profesa! Mbona umekonda? Huko Uingereza hawali?"

"Tunakula viazi, Bi Mwanaisha."

"Basi ndiyo maana." Akakaa taratibu, kwa uchungu. "Haya, washa chombo chako."

Idi akawasha. Akamuuliza maagizo yale mapya yalimsaidiaje.

"Yalikuwa mazuri," Mwanaisha alisema. "Yalisema tuinue wawili. Mimi na nani? Mimi na kivuli changu? Na kivuli chenyewe bafuni hakimo." Wenzetu wakacheka, naye akacheka, kisha akamgeukia Idi. "Wewe ulitutendea wema, mwanangu. Ulisema kweli. Waliosikia ndio hawakutenda."

Idi alirudi akakiandika kisa upya, chote, pamoja na bafu la Rockville. Aliandika kwamba maneno ya ukutani yalibadilika na kazi haikubadilika. Wakaguzi wa majaribio wakakishusha alama. Chuo kikakiondoa kabisa kwenye vitu vya kupelekwa, na haikupita muda idara ikafungwa. Sasa Idi anafundisha saa za kuokoteza hapa na pale. Simu zake ni fupi. Hanilaumu, na kutolaumiwa kule ndiko kunakoniamsha kabla ya alfajiri. Sitakudanganya kwamba ukweli umetulipa. Bado haujatulipa kitu.

Mwanaisha hajui kwamba kisa kiliondolewa. Kila tukikutana msikitini Ijumaa huniuliza, "Shoga, wale wakaguzi walinisikia?" Nami humjibu, "Idi alikusikia." Hulifikiria jibu hilo, kisha huitikia kwa kichwa kama aliyeridhika. Sijui kama ameridhika.

Mwanangu, wewe uliyefika chuoni, nawe siku moja utaambiwa ujiandae kupimwa. Jiandae. Fagia, paka chokaa, panga kazi zako zipendeze. Hakuna haya katika hilo. Lakini ukisikia sauti ndani yako inasema fulani asije siku hiyo, apumzike, simama hapo hapo. Huyo fulani ndiye mtihani wako. Wakubwa walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na kazi inayowaficha wale iliyoshindwa kuwafaa haitapona kwa alama nzuri. Mfungulie mlango, umwekee kiti, hata kama kiti hicho ni chako nawe ukakosa pa kukaa. Unaweza kupoteza. Idi amepoteza. Ila siku akija kwangu, Mwanaisha humpokea kwa kumwita mwanangu, na Idi humtazama usoni anapoitika.

Mola akupe elimu isiyowaonea haya jamaa zako. Akupe mgongo wa kubeba na mtu wa pili wa kuinua naye. Na siku ya Mkaguzi asiyedanganywa, asikosekane mtu kwa sababu wewe ulimwacha nyumbani. Amina.